Mumiani Aliyenilipa

Bibi yangu wa Tanga, Mungu amrehemu, alikuwa na dawa moja tu ya kuturudisha nyumbani kabla ya magharibi. Dawa hiyo ilikuwa mumiani. "Haya, zurureni tu. Mumiani atawakuta." Mumiani wa bibi alikuwa na gari lisilo na namba, alivaa viatu vya mpira asisikike, na mkononi alikuwa na sindano ndefu. Akikukamata anakuning'iniza kichwa chini mpaka tone la mwisho. Basi sisi mbio, kila mtu kwao.

Tulipokua tukaanza kumcheka. Tuliokwenda shule tukasoma kwamba hizo ni hofu za enzi za mkoloni, watu waliona magari ya zimamoto na watumishi wenye sare wakadhani ndio wanyonya damu. Hata neno lenyewe ni la Kiajemi, jina la dawa ya zamani nyeusi mfano wa lami, ambayo watu wa pwani walisadiki kwamba inatengenezwa kwa damu ya binadamu. Tukasema bibi ni mshamba.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Mwaka 2018, katika jiji la Houston, jimbo la Texas, mimi mjukuu wake niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda mabasi mawili kwa nauli yangu mwenyewe, nikaenda kwa mumiani kwa hiari. Nikapanga foleni. Nikamnyoshea mkono. Na yeye, tofauti na yule wa bibi, akanilipa.

Nimefanya hivyo miezi saba. Naandika kwa sababu kuna swali limenikaa kooni tangu wakati ule, na pia kwa sababu kuna kosa nililofanya pale ambalo sijamwambia mtu. Labda ukimaliza kusoma utanihukumu. Sawa tu.

Nilifika Marekani mwaka 2016 kwa ile bahati nasibu ya viza. Washikaji wa Bongo wanajua hadithi inavyokwenda: mtu anaagwa uwanja wa ndege kama waziri, akifika anabeba boksi. Na mimi nilibeba boksi kwelikweli, usiku, kwenye ghala. Siku moja mwaka 2017 likaja basi la kuchangia damu, likaegeshwa nje ya ghala letu. Damu ya bure, kwa ajili ya wagonjwa hospitalini. Nikaona hapa ndipo pa kufanya jambo la maana katika nchi ya watu. Nikaingia, nikajaza fomu. Dada wa pale akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akasikitika kwa adabu zote. Aliyekulia kwenye nchi ya malaria lazima akae miaka 3 nje ya nchi hiyo ndipo damu yake ipokewe. Nikashuka na biskuti yangu mkononi. Sikukasirika, sheria ni sheria, ila nilijisikia kama chungu kilichorudishwa sokoni.

Haikupita miezi mitatu, jamaa niliyekuwa napanga naye chumba, kijana wa Morogoro, akaniambia, "Kaka, mbona unalia njaa na mishipa unayo?" Akanipeleka kituo cha plazma. Pale malaria haikuwa kizuizi. Nikashangaa: damu yangu ya bure imekataliwa, ya kuuza inapokelewa na nafunguliwa mlango!

Lakini sababu ipo, na ni ya kisayansi. Mdudu wa malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Plazma ni yale maji ya manjano yanayobaki ukiziondoa chembe, na ni zaidi ya nusu ya damu yote ya mtu. Kituoni wanakupima kwanza: uzito, joto, mapigo ya moyo, presha, halafu wanakutoboa kidole kuangalia wingi wa damu na protini. Chini ya pauni 110, yaani kilo 50, unarudi nyumbani. Mimi nilikuwa na pauni 118, kwa hiyo nilikuwa kwenye kundi la wembamba, waliokuwa wakitolewa mililita 690 pamoja na dawa ya kuzuia damu isigande. Unalazwa kwenye kitanda cha kuegemea, sindano inaingia, mashine inavuta damu, inaizungusha, inabaki na plazma, halafu inakurudishia chembe zako mwilini. Inavuta, inarudisha, inavuta, inarudisha, kama mtu anayekopa na kulipa. Ile dawa ya kuzuia kuganda inafanya midomo ikuwashe kama uliyekula pilipili. Mwishoni wanakuingiza maji ya chumvi, na ubaridi wake unausikia unapanda mkononi hadi begani. Baada ya saa moja na kitu, chupa imejaa kitu cha rangi ya pombe ya ngano.

Pesa zinaingia kwenye kadi. Mimi nilikuwa napata dola 20 mara ya kwanza ya wiki na dola 35 mara ya pili, kwa sababu sheria ya huko inaruhusu mara mbili ndani ya siku saba. Ukikamilisha mara nane kwa mwezi, kuna bonasi. Bonasi hiyo uiweke akilini, tutairudia.

Sasa hapo ndipo maneno yanapoanza kupiga chenga. Pale kituoni hakuna mtu anayeuza. Wote wanaitwa "watoaji". Bango ukutani lina picha ya mtoto anacheka, na chini yake wanakushukuru kwa ukarimu wako. Halafu unageuka unaona kadi yako imeingia dola 35. Nikawa najiuliza, huu ni ukarimu au ni mshiko?

Mama alinipigia simu Jumanne moja asubuhi, akasikia mashine zinalia. "Uko wapi, mwanangu?" Nikamjibu, "Niko hospitali, mama, natoa damu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mungu akuzidishie. Baba yako angefurahi." Angalia hapo. Sikusema uongo wa wazi. Nilisema natoa. Lakini nilimwacha mama akainunua picha ambayo haikuwa yangu.

Maana baba anahusika na jambo hili. Alipolazwa, miaka kumi kabla ya mimi kusafiri, tuliambiwa tulete watu wa kuchangia damu. Ndugu wawili walikataliwa, mmoja hakutokea. Getini palikuwa na kijana mwembamba, macho mekundu, akamnong'oneza ami yangu bei. Ami akalipa. Kijana akaingia ndani akasema yeye ni mpwa wa mgonjwa. Mimi nilimwangalia kwa dharau ambayo sijapata kumwangalia nayo mtu. Moyoni nilisema, huyu hana utu, anauza mwili wake kama mapaja ya kuku. Hakuna aliyemuuliza amelala wapi au amekula nini.

Je, ni vibaya kuuza sehemu ya mwili? Mwanafalsafa Immanuel Kant alisema ndiyo, ni vibaya. Kwake yeye mtu si mali, hata mali ya nafsi yake mwenyewe, kwa hiyo hana haki ya kuuza hata kidole au jino. Nilipokuwa sina kitu niliipenda hoja hii, kwa sababu ilinipa heshima. Lakini hebu tuulizane. Mchukuzi wa Kariakoo anauza nini kama si mgongo wake? Mgongo haurudi. Mbavu za mchimba kokoto hazirudi. Plazma inarudi: maji yake kwa siku mbili hivi, protini baada ya muda zaidi. Tukisema kuuza kinachorudi ni aibu, na kuuza kisichorudi ni kazi ya halali, basi tumekaa vibaya. Kwa hoja ya Kant peke yake, mimi sikutetereka.

Aliyenitetemesha ni Mwingereza mmoja, Richard Titmuss, aliyeandika kitabu kuhusu damu mwaka 1970. Nilikikuta maktaba ya jiji, mahali ambapo mbeba boksi anaweza kukaa bure kwenye ubaridi. Titmuss hakuhangaika na aibu. Alisema ukiitia damu bei unaua mambo mawili. Kwanza unaua ile raha ya kumpa mtu usiyemjua. Pili, unamweka mtoaji mahali ambapo ukweli unamgharimu. Anayetoa bure hana faida ya kuficha ugonjwa wake. Anayelipwa anayo. Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alimjibu mwaka 1972: kuruhusu wengine wauze hakumzuii anayetaka kutoa bure aendelee kutoa. Jibu zuri. Lakini ile hoja ya pili, ya ukweli, haifutiki kirahisi.

Na historia iko upande wake. Miaka ya 1980 wagonjwa wengi wa himofilia, wale ambao damu yao haigandi, waliambukizwa UKIMWI na dawa zilizotengenezwa kwa plazma ya kununuliwa, nyingine ya wafungwa. Miaka ya 1990, jimbo la Henan huko China, wakulima maskini waliuza plazma kwenye vituo vilivyochanganya damu za watu wengi na kuwarudishia chembe, na vijiji vizima vikaingia virusi. Na kule Managua, Nicaragua, wakati wa utawala wa Somoza, kulikuwa na kituo ambacho wananchi walikiita nyumba ya mazimwi wanyonya damu. Mhariri wa gazeti lililokifichua, Pedro Joaquín Chamorro, aliuawa Januari 1978, na watu wenye hasira wakakichoma moto. Niliposoma hayo nikamkumbuka bibi. Kumbe bibi hakuwa mshamba. Alikosea sura ya gari tu.

Lakini msomaji, usinielewe vibaya. Siwezi kusema kituo kile kilikuwa cha mazimwi. Nilipokuwa natoa mimi, plazma ilikuwa inapimwa, inawekwa kando siku 60 ili mtoaji akionekana na tatizo iondolewe, halafu inapitishwa kwenye joto au kemikali za kuua virusi. Takriban theluthi mbili ya plazma inayotengenezewa dawa duniani hutoka Marekani, na nchi nyingi zinazojivunia kutolipa zinanunua dawa hizo hizo. Mtu mmoja aliyezaliwa na kinga hafifu, kwa hesabu za wenye viwanda, huhitaji plazma ya mara 130 kwa mwaka ili aishi. Yule mtoto wa kwenye bango yupo, hakubuniwa. Mimi nilikuwa sehemu ndogo ya pumzi yake. Hilo nalo ni kweli, hata kama nililipwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Novemba. Nilikuwa nimetoa mara saba mwezi ule, ikabaki moja nipate bonasi. Kodi ya chumba ilikuwa imepungua dola 60, na bila bonasi isingetimia. Usiku wa kuamkia siku ile nilishikwa na homa, jasho, viungo vinauma, tumbo linaendesha. Alfajiri nikameza panadol mbili, nikanywa maji mengi, nikapanda basi. Kituoni unakaa mbele ya kioo cha kompyuta, maswali yanapita moja moja na wewe unagusa ndiyo au hapana. La kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote: je, leo unajisikia mzima?

Nikagusa ndiyo.

Joto likapimwa, vidonge vilikuwa vimefanya kazi yake. Kidole kikatobolewa. Nikalazwa, sindano ikaingia.

Kitanda changu kilitazama mlango. Ndipo nikamwona mzee wa Burundi. Tulikuwa tunamwita hivyo, mvi zote, ingawa umri wake haukuwa mkubwa sana. Alikimbia kwao mwaka 1972 akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia Kigoma, akaletwa Marekani mwaka 2008. Kiswahili chake kilikuwa cha kule Kigoma, na kwangu kilikuwa kama chai. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, huoni vibaya kuuza damu?" Akacheka. "Kijana wangu, kwetu damu ilimwagika bure. Hapa angalau wanaihesabu."

Siku ile ya Novemba na yeye alikuwa kwenye ya nane. Nilijua, kwa sababu tulikuwa tukihesabu pamoja kama watoto wanaohesabu siku za sikukuu. Na yeye alikuwa na kodi, na wajukuu watatu. Nikamwona anatoka kwenye kile chumba cha maswali akiwa ameshika kofia yake, bila bandeji mkononi. Wamemrudisha. Alipopita karibu nikamuuliza kulikoni.

"Nina kikohozi tangu jana," akasema. "Wameniuliza, nikasema. Wanataka nirudi nikipona." Akaiangalia chupa yangu inavyojaa. "Wewe umepita? Mshukuru Mungu."

Akaenda zake kungoja basi.

Hakuna aliyedhurika na uongo wangu, nadhani. Homa ilikwisha kwa siku mbili, na kule kiwandani kuna vipimo na vichujio vingi. Lakini nilikuwa najua zile siku 60. Kulikuwa na namba ya simu kwenye karatasi waliyonipa: ukiumwa baada ya kutoa, tupigie. Karatasi ile niliibandika ukutani. Nikailalia na kuiamkia siku zote 60. Sikupiga. Ningepiga, wangenisimamisha, na mwezi uliofuata ulikuwa na kodi yake.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa Titmuss. Nilisema, si mimi, ni mfumo. Wamelipia kufika mpaka mwisho, hawakulipia ukweli. Ukisema ukweli unapoteza nauli, asubuhi yako na bonasi. Ukidanganya unalipwa. Na bado nasema mfumo huo una dosari, tena dawa yake ni rahisi. Anayerudishwa kwa sababu amesema kweli naye alipwe kwa safari yake. Asipoteze bonasi kwa sababu ya kikohozi. Mkimwita mtoaji, basi msimwadhibu kwa kuwajali wagonjwa. Hata yule kijana wa getini aliyemwokoa baba, sisi tulimlipa kwa damu tu. Ukweli wake hatukuuhitaji, tulikuwa na haraka.

Utetezi huo ungenitosha kama si mzee wa Burundi. Yeye alikuwa kwenye mfumo uleule, foleni ileile, mara ya nane ileile. Shida yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Naye akasema kweli kwa kioo cha kompyuta, kitu ambacho hakina macho wala hakimjui. Kwa hiyo umaskini unaeleza kwa nini nilijaribiwa. Kwa nini nilidanganya, hauelezi.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali lililonikaa kooni, kutoa au kuuza. Plazma yangu niliiuza. Ilikuwa na bei, nikapokea, haikuwa aibu, ilikuwa kibarua kama kubeba boksi. Lakini katika biashara ile kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa na bei, ambacho hakuna mashine inayoweza kukivuta kwa sindano, na ambacho mgonjwa wa mbali alikihitaji kama alivyohitaji dawa. Ni lile jibu la ndiyo au hapana. Hicho hawalipii. Hicho ama unakitoa, ama unakinyima.

Asubuhi ile mzee alitoka pale bila hata senti, hajatolewa hata tone. Mimi nilitoka na bandeji mkononi, kadi imejaa, na asante ya dada wa mapokezi kwa ukarimu wangu. Lakini ukiniuliza leo, kati yetu sisi wawili nani alitoa siku ile, sitasita kukujibu.

Mama bado anaamini nilikuwa natoa damu. Likizo ijayo nikirudi Tanga nitamweleza. Nitaanzia kwa bibi na mumiani wake, acheke kwanza, halafu nitamwambia hiyo sehemu nyingine.